Roketi Imekugomea? Dalili na Chanzo kwa Wachezaji wa Kerbal Space Program

"Kaka, imelipuka." Anayekuja na maneno hayo bado hajaniambia kitu. Imelipuka ikiwa mwinuko gani? Mwendo ulikuwa kiasi gani? Mafuta yalibaki mangapi, na kitufe cha mwisho kubonyezwa kilikuwa kipi? Kerbal Space Program, gemu ya kurusha roketi iliyotolewa kwanza mwaka 2011 na kampuni ya Squad ya Mexico, ina tabia moja: roketi haifii pale ilipougulia. Inalipuka ikitua, kumbe ilianza kuharibika ikiwa bado karakanani. Inaishiwa mafuta karibu na Mun, mwezi wa gemu hii, kumbe mafuta yaliliwa kwenye kilomita kumi za mwanzo.

Hapa Tanga tunaocheza gemu hii tunajuana: wa Chumbageni, wa Makorora, wa Ngamiani, na wachache wanaobeba laptopu zao kutoka Pongwe. Jioni barazani kila mtu anasimulia safari yake, na masimulizi ni matamu kweli, ila mengi hayasaidii kumtibu mgonjwa. Kwa hiyo kabla hujaja kuuliza, fanya mambo mawili. Chombo kikiharibika bonyeza F3, utaona orodha ya matukio na saa zake. Soma hitilafu ya kwanza, achana na ya mwisho, maana ya mwisho karibu kila mara ni "kimegonga ardhi" na hilo tunalijua. Pili, piga picha ya skrini kwa F1 wakati safari inaendelea, ili tuone mwinuko, mwendo na mpira wa mwelekeo ule ulio chini katikati.

Inaunguruma, inatoa moshi, haipandi

Anza na rahisi. Bonyeza Z, mafuta yanafunguka mpaka mwisho, X inayafunga. Kisha tazama safu ya hatua, yaani orodha ya sehemu zinazowashwa au kuachiwa kwa zamu: vibano vinavyoishika roketi uwanjani viwe kwenye hatua moja na injini ya kwanza. Vikiwa hatua inayofuata, injini itaunguruma mpaka ichoke.

Kama hayo yako sawa, ni uzito. Injini ya Swivel inasukuma kwa kilonyutoni 168 hivi ikiwa usawa wa bahari. Kila tani ya roketi inavutwa chini kwa kilonyutoni 9.81, kwa hiyo Swivel moja haiinui zaidi ya tani 17. Mwenye roketi ya tani 20 ataiona imesimama palepale ikichoma mafuta kwa sekunde arobaini hivi, halafu inajiinua yenyewe taratibu pale uzito unaposhuka chini ya tani 17. Barazani hii husimuliwa kama maajabu. Hakuna ajabu, tani tatu za mafuta zimeungua bure.

Wengine wameweka Terrier chini kwa sababu ni nyepesi na hainywi sana. Terrier ina kilonyutoni 60 mahali pasipo na hewa, lakini ardhini haifikishi hata 15. Iweke juu, hatua ya mwisho, na huko itakufurahisha. Kwa injini ya kwanza, tafuta uwiano wa msukumo kwa uzito ulio kati ya 1.3 na 1.7, karakana yenyewe inakuonyesha namba hiyo kwenye kila hatua. Ukizidisha sana hapo hupati faida, unapigana na hewa tu.

Inapanda vizuri, halafu inapinduka

Hii ndiyo dalili yenye mabishano kuliko zote, kwa sababu sura ni moja na vyanzo ni vingi. Kinachovitofautisha ni mwinuko.

Ikipinduka chini ya kilomita moja, mara tu unapoanza kuilaza, roketi haina usukani. Kuna injini zinazogeuza mdomo wake kuelekeza moto na kuna zisizogeuza. Swivel inageuza, Reliant haigeuzi, na Reliant ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa hiyo wageni wanaipenda. Weka Reliant peke yake bila mapezi na utakuwa umerusha jiti.

Ikipinduka papo hapo injini za pembeni zinapoachiwa, hiyo ni ajali: injini hizo zimeligonga tangi la katikati. F3 itakwambia kipi kimegonga kipi. Zisogeze zishikwe juu kidogo ya kitovu cha uzito wake, au ongeza vile viroketi vidogo vya kuzisukuma mbali.

Kundi kubwa ni lile la kilomita tano hadi kumi na mbili. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Haya, imepinduka wapi?"

"Ilipofika kilomita nane."

"Mwendo?"

"Mia nne hivi kwa sekunde."

"Na pua ilikuwa inatazama wapi?"

Anafikiri kidogo. "Nilikuwa naivuta itazame baharini."

Jibu ni hilo la mwisho. Roketi iliyopandishwa wima mpaka kilomita nane, kisha ikavutwa ghafla kulalia mashariki ikiwa na mwendo wa mita 400 kwa sekunde, inaigeuzia hewa ubavu. Hewa bado ni nzito mahali hapo. Inaishika pua na kuisukuma zaidi upande uleule ulioielekeza, na hakuna usukani utakaoirudisha. Anayesimulia husema ilipinduka yenyewe.

Dawa ni kuanza mapema na kwa upole. Mwendo ukifika mita 60 hadi 100 kwa sekunde, ilaze nyuzi tano mpaka kumi kuelekea mashariki, basi. Kuanzia hapo pua isitoke nje ya duara la ile alama ya njano inayoonyesha mnakoelekea kwa kweli. Rubani aliyepata uzoefu kidogo anaweza kuagizwa aifuate alama hiyo mwenyewe. Roketi itazidi kujilaza, na kwenye kilomita kumi iwe karibu nyuzi 45.

Kama ulifanya yote hayo na bado inapinduka, rudi karakanani uwashe vitovu. Ule mpira wa njano ni uzito, wa buluu ni nguvu ya mabawa na mapezi. Wa buluu unatakiwa uwe nyuma ya wa njano. Mapezi yawekwe mkiani kabisa; nimeona mtu akiyabandika puani kwa sababu yanapendeza, akamalizia kazi ya hewa kwa mkono wake. Halafu punguza mafuta ya tangi la chini kwa kipimo chake hukohuko karakanani, uone mpira wa njano unahamia wapi. Injini ni nzito na ziko nyuma, kwa hiyo tangi linapokauka uzito unarudi mkiani. Roketi iliyo tulivu uwanjani inaweza kuwa na wazimu ikifika kilomita kumi. Kumbuka vilevile kwamba mpira wa buluu hauhesabu upana wa mzigo. Ukiwa na gari la kutembelea Mun limekaa wazi kichwani, hesabu ya mapezi inaweza kuwa safi na roketi ikapinduka bado. Lifunike kwa ganda. Ukibonyeza F12 ukiwa angani, mishale itaonyesha hewa inakusukuma wapi, na hapo ubishi huisha.

Nilifika angani, nikaanguka

Amepanda wima mpaka kilomita 100. Amevuka mwisho wa hewa ya Kerbin, sayari tunakorushia, ulio kilomita 70. Ameshangilia, amezima injini, na baada ya dakika chache anaporomoka kurudi chini, tena karibu na palepale alipoanzia.

Mwinuko pekee haukupi obiti, yaani njia ya kuizunguka sayari bila kuanguka. Unatakiwa uwe na mwendo wa pembeni, na kwa kilomita 80 mwendo huo ni mita 2,279 kwa sekunde. Ukijumlisha unachopoteza kwa hewa na kwa mvutano, safari nzima toka uwanjani inadai kama 3,400. Namba hii ni ile skrini inayoiandika Δv, akiba ya mwendo iliyomo kwenye roketi yako, na ndiyo fedha ya gemu hii. Karakana ikikuonyesha 2,600, usirushe.

Ukiwa nayo ya kutosha na bado unaanguka, fungua ramani kwa M. Ap ni sehemu ya juu kabisa ya njia yako, Pe ya chini kabisa. Choma mpaka Ap ifike 80, zima, subiri. Ukikaribia Ap, lalia upeo wa macho na uchome kuelekea mbele mpaka Pe nayo ivuke 70. Wanaoanguka hapa huwa wamechelewa: wanaanza kuchoma wakiwa wameshapita Ap, na wanashuka huku wanaongeza mwendo.

Angalia pia ulielekea wapi. Kerbin inazunguka mara moja kila saa sita, na kwenye ikweta inakupa bure mita 175 kwa sekunde ukielekea mashariki. Ukienda magharibi unaikosa zawadi hiyo na unalipa nyingine kama hiyo kuifuta, yaani 350. Dunia yetu iko vivyo hivyo na sisi watu wa mwambao tunao ushahidi wa karibu. Kaskazini kwetu, baharini upande wa Ngomeni karibu na Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa la San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Marekani aina ya Scout ilirusha kutoka hapo setelaiti ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota, na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, ikaitwa Uhuru. Jukwaa liko kama nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, ambako Dunia inachangia mita 464 kwa sekunde, na mashariki yake ni bahari, hatua zilizotumika zikianguka haziangukii kijiji. Waliotengeneza gemu wameweka uwanja wa Kerbin namna ileile: ikweta, pwani, bahari mashariki. Ukisimama Raskazone ukatazama Pemba, umetazama upande sahihi wa kurushia.

Mafuta yanaisha njiani kwenda Mun

Kutoka obiti ya chini mpaka ardhi ya Mun hesabu ya Δv inakwenda hivi: 860 kuondoka, 310 hivi kunaswa na mvutano wa Mun, 580 kutua. Kurudi nyumbani ni 580 nyingine ya kupanda na 310 hivi ya kutoka. Jumla 2,640, na mimi sishuki chini ya 3,000.

Mtu akiniambia alikuwa nazo zote hizo na zikaisha, namwuliza injini ya juu iliwashwa lini. Mara nyingi iliwashwa kabla hajaingia obiti. Hatua ya chini ilikuwa ndogo, ya juu ikamalizia kupanda, na akafika kilomita 80 akiwa na nusu tangi bila kujua. Tatizo la Mun linatibiwa uwanjani.

Wengine wanailenga Mun pale wanapoiona na kuchoma kuelekea huko. Mun iko kilomita 12,000 na haisimami kukusubiri. Ukiwa kwenye obiti ya chini, ngoja ichomoze kwenye upeo wa Kerbin mbele yako, na papo hapo choma kuelekea mbele. Njia hii haina hesabu yoyote na inafanya kazi vizuri.

Ninatua, kisha naanguka ubavu

Karibu wote wameacha kipimo cha mwendo kwenye obiti badala ya ardhi. Gusa maandishi yaliyo juu ya mpira wa mwelekeo mpaka yabadilike, halafu shuka ukiwa umegeuza mkia upande unakoelekea, hadi mwendo wa pembeni uwe sifuri. Ukigusa chini ukiwa na mita mbili za pembeni na miguu myembamba, utalala tu.

Mwinuko nao unadanganya. Namba ya juu ya skrini inapimwa kutoka usawa wa bahari, na Mun haina bahari. Ardhi unayoishukia inaweza kuwa kilomita tatu au zaidi juu ya sifuri hiyo. Matoleo ya baadaye yana kitufe cha kubadili ipimwe kutoka ardhini. Kama lako halina, tafuta kivuli chako. Kivuli na chombo vinapokaribiana, umefika. Tua mchana.

Nakifukuza chombo changu, kinazidi kunikimbia

Kwenye barabara ya Pongwe, bodaboda akitaka kuifikia daladala anaongeza mafuta. Fanya hivyo kwenye obiti na chombo unachokifukuza kitakuacha. Ukiongeza mwendo kwenda mbele, njia yako inapanda juu, inakuwa ndefu, na mzunguko mzima unachukua muda mrefu zaidi. Ukipunguza, unashuka kwenye njia fupi na unamaliza mzunguko mapema. Aliye nyuma anatakiwa ashuke chini ili awahi. Aliye mbele apande juu angoje.

Usijione mjinga. Juni 1965 James McDivitt, akiwa na Gemini 4, alijaribu kuisogelea hatua ya roketi yake mwenyewe iliyokuwa inaelea karibu, kwa kuielekezea pua na kusukuma. Ilizidi kwenda mbali, mafuta yakapungua, ikabidi aache. Desemba mwaka huohuo Gemini 6A, kwa hesabu na uvumilivu, ikaifikia Gemini 7 na kuisogelea hadi kama sentimita 30.

Kwenye gemu fanya hivi. Kichague chombo kama shabaha, linganisha kwanza mwinamo wa njia zenu mbili, kisha weka obiti yako chini kidogo ya yake na uachie muda ukimbie. Ramani inaweka alama za mahali mtakapokaribiana zaidi. Ukipata umbali wa kilomita chache, acha kurekebisha. Wengi huchoma mafuta yote wakitafuta sifuri. Ukifika kwenye alama, badili kipimo cha mwendo kiwe cha shabaha, geukia alama ya kinyume, na uchome mpaka kisome 0. Hapo mmesimama pamoja. Sasa ndiyo unaweza kusogea kama bodaboda, pole pole, mita tano au kumi kwa sekunde, maana kwa umbali mdogo njia zenu ni karibu moja.

Chombo hakisikii amri

Hiki ni chombo kisicho na rubani. Ama umeme umeisha, kwa sababu paneli za jua hazikufunguliwa au zimetazama kivulini, ama mawasiliano yamekatika. Ukiwa nyuma ya Mun kukatika ni kawaida. Subiri utokeze, na mpango wa kuchoma uwe umeshauandaa kabla. Antena ya Communotron 16 ikishafunguliwa inafika Mun bila shida hata na kituo cha ufuatiliaji cha daraja la kwanza, ambapo masafa yake ni kama kilomita 31,600. Minmus, mwezi mwingine wa Kerbin, iko 47,000. Pandisha daraja la kituo, au peleka antena kubwa zaidi. Na usiifungue ukiwa bado kwenye hewa, itavunjika.

Naungua nikirudi

Ukitokea Mun, Pe iwe kati ya kilomita 30 na 35. Ikiwa chini sana unaingia kwa kasi kubwa kwenye hewa nzito. Ikiwa juu sana unapita na kwenda kuzunguka tena. Ngao ya joto itangulie mbele, na kila kisichohitajika kiachiwe kabla. Chombo kikigeuka pua mbele wakati wa moto, kilicho nyuma ya ngao ni kizito mno au kirefu mno.

Parachuti ikichanika, tazama rangi ya alama yake kabla ya kuifungua. Alama inakuonya kama mwendo bado ni wa hatari. Na ikafunguka yenyewe kule juu angani? Iko kwenye hatua moja na kitenganishi. Irudishe iwe hatua ya mwisho, peke yake.

Gemu inakwama, inajizima, au safari imepotea

Tazama saa ya safari, kushoto juu. Ikiwa ya kijani, sekunde ya gemu ni sekunde ya kweli. Ikigeuka ya njano, kompyuta imeshindwa kwenda na hesabu na inapunguza mwendo wa muda. Sababu ya kwanza ni wingi wa vipande. Roketi ya vipande mia nne inasumbua hata mashine nzuri, na ukiitazama utakuta nusu yake ni vyuma vya kushikilia vingine. Sababu ya pili ni joto letu la hapa. Mwezi wa pili, saa nane mchana, laptopu iliyowekwa juu ya godoro inajipunguzia nguvu ili isiungue. Iinue, safisha vumbi la feni, cheza usiku. Ukiona gemu inaanza ikiwa na saa ya kijani na baada ya robo saa inageuka ya njano kwa roketi ileile, ni joto; usiguse mipangilio ya picha.

Ikijizima yenyewe wakati wa kupakia, kumbukumbu haitoshi, kwa kuwa gemu hii inapakia vipande vyote mwanzoni. Punguza ubora wa picha hadi nusu na utoe nyongeza usizotumia. Kama ilikuwa nzima jana na leo haifunguki, nyongeza mojawapo hailingani na toleo. Ndiyo maana mimi nina nakala ya folda nzima ya gemu pembeni, isiyoguswa na masasisho: inafunguka moja kwa moja kutoka kwenye folda yake, bila bando wala kuulizwa nywila.

Umeme ukikatika katikati ya safari na gemu ikakataa kufungua hifadhi yako, usianze upya. Ingia kwenye folda ya saves, halafu ile yenye jina la mchezo wako. Faili la persistent huenda limekatika nusu. Ndani ya folda hiyohiyo kuna folda ya Backup yenye matoleo ya nyuma yaliyoandikwa tarehe na saa. Chukua la mwisho lililo zima, litoe nje, lipe jina la persistent. Ila kabla hujabadili jina lolote, nakili folda nzima kwenye flashi.